Waliokata Kamba: Wanafunzi Waliounda Vifaa vya Vilindini

Mwaka 1899 meli ya Kijerumani iitwayo Valdivia iliingia bandari ya Dar es Salaam ikitokea Ushelisheli. Haikufuata pembe za ndovu wala mazao ya mashamba. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imeikodi na kuijaza mitungi ya vioo, spiriti ya kuhifadhia viumbe, nyavu za kukokota, na winchi zilizobeba maelfu ya mita za waya wa chuma. Kiongozi wa msafara, Profesa Carl Chun wa Leipzig, alitaka kujua ni viumbe gani wanaishi kwenye maji ambayo mwanga wa jua haufiki. Kutoka Dar es Salaam meli ilifuata mwambao wa Afrika Mashariki kuelekea kaskazini hadi Aden, ikishusha nyavu njiani.

Watu wa mwambao huo walikuwa na kifaa chao cha kupimia kina tangu zamani. Nahodha wa jahazi akiingia maji asiyoyaamini aliagiza bildi: kipande cha risasi mwishoni mwa kamba yenye alama. Baharia aliitupa mbele ya chombo, akasikiliza mkono wake, akatangaza idadi ya pima. Ukiiangalia vizuri, kazi ya Valdivia ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni urefu wa kamba.

Na hapo kwenye urefu ndipo shida ilipokuwa. Kamba ya kilomita nne hujivuta kwa uzito wake yenyewe, hata mtu asijue kama risasi imegusa chini au bado inashuka. Meli husukumwa na upepo na mkondo, kamba ikalala upande. Kushusha na kupandisha wavu mara moja tu hula saa nyingi, na ukifika juu, samaki walionaswa ni maiti zilizofumuka, taa zao za asili zimezimika. Kila alichokijua binadamu kuhusu vilindi kilipitia kwenye uzi mmoja mwembamba, tena uzi ulioweza kukatika wakati wowote.

Historia ya vifaa vya kuchunguzia vilindi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kamba hiyo na ya watu waliothubutu kuikata. Vitabu huwataja maprofesa na makapteni. Lakini mtu akiuliza ni nani aliyechora mchoro wa kwanza, na ni nani aliyekesha karakanani akikereza vyuma, mara nyingi atamkuta mwanafunzi ambaye mfukoni hana kitu.

Mmoja wao alikuwa Zurich, mbali na bahari yoyote. Auguste Piccard, mzaliwa wa Basel wa mwaka 1884, alikuwa akisomea uhandisi wa mitambo kwenye chuo kikuu cha ufundi cha Uswisi alipokisoma kitabu cha Chun kuhusu safari ya Valdivia, kilichotoka mwaka 1900. Alivutiwa na viumbe wale wenye kung'aa gizani, akaudhika kwamba hakuna aliyewaona wakiwa hai nyumbani kwao. Akaanza kuwaza chumba kidogo cha chuma chenye dirisha, kisichoning'inia kwenye meli bali kwenye boya kubwa lililojaa kitu chepesi kuliko maji. Kingeshuka kwa uzito wa farumi, kisha kingeidondosha farumi na kupanda chenyewe. Wazo lilikuwa zuri na halikuwa na mfadhili. Piccard akamaliza masomo, akawa profesa wa fizikia, na lile wazo akaliweka. Litarudi baadaye katika habari hii.

Mwingine alikuwa New York, na huyu fedha alikuwa nazo. Otis Barton alikuwa amemaliza Harvard na alikuwa akisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1928, aliposikia kwamba mtaalamu wa wanyama William Beebe anatafuta chombo cha kumshusha chini kuliko mpiga mbizi yeyote. Beebe aliishi akipokea michoro ya kila aina kutoka kwa watu asiowajua, na barua za kijana huyu hazikujibiwa. Ilibidi rafiki wa wote wawili awakutanishe. Mchoro ambao Barton aliuweka mezani ulikuwa rahisi kuliko yote aliyowahi kuletewa Beebe, yaani tufe la chuma. Umbo la mviringo hugawa shinikizo la maji sawasawa pande zote, na pasipo kona hakuna mahali pa kuanza kupasuka. Barton alilipia ujenzi kutoka kwenye urithi wake mwenyewe.

Tufe la kwanza lilitoka kiwandani New Jersey likiwa na uzito wa tani tano hivi, zito mno kwa winchi iliyokuwapo, ikabidi liyeyushwe na kusubiwa upya. La pili lilikuwa na nusu ya uzito huo na kipenyo cha mita 1.45. Ndani waliingia watu wawili waliojikunja magoti. Madirisha yalikuwa ya kwatzi iliyoyeyushwa, yenye unene wa inchi 3. Mlango wa zaidi ya kilo 180 ulifungwa kwa bolti 10 kutoka nje, kwa hiyo aliye ndani hakuwa na njia ya kujifungulia. Hewa safi ilitoka kwenye mitungi ya oksijeni, na kemikali zilizowekwa kwenye vitrei zilinyonya unyevu na hewa chafu. Na ili hewa hiyo izunguke? Beebe na Barton walishika pepeo za mkono, zilizotengenezwa kwa majani ya miti ya jamii ya mnazi, wakapepea. Chombo kilichowafikisha wanadamu chini kuliko wote waliowatangulia kilitegemea pepeo kama zile zinazochochea moto wa mkaa.

Tarehe 15 Agosti 1934, karibu na visiwa vya Bermuda, walifika mita 923. Kila sentimita ya mraba ya tufe ilibeba zaidi ya kilo 90 za maji. Beebe alieleza kwa simu alichokiona dirishani, na juu ya sitaha Gloria Hollister aliandika neno kwa neno.

Lakini tufe la Barton lilining'inia kwenye kebo, na kebo ikikatika hadithi imekwisha. Mwaka 1932 walionjeshwa hatari ya maji yenyewe. Walikuwa wamelishusha tufe bila mtu ili kujaribu dirisha jipya. Liliporudi, dirisha lilikuwa limevuja, na ndani kulijaa maji yaliyobanwa na shinikizo la kilindini. Walipoanza kulegeza bolti kubwa ya katikati ya mlango, maji yaliyokuwa yakitafuta njia yaliifyatua kama risasi. Ilivuka sitaha na kutoboa alama kwenye chuma cha winchi, ikifuatwa na mchirizi wa maji uliokuwa na nguvu ya kumkata mtu. Waliokuwa pale walinusurika kwa sababu Beebe alikuwa amewaamuru wasisimame mbele ya mlango.

Beebe na Barton, pamoja na ujasiri wao wote, waliyaona maji ya kati tu. Sakafu ya bahari hawakuigusa. Walioifikia kwa macho ya kamera walikuwa kundi la vijana katika mji wa chuma wa Bethlehem, Pennsylvania, ambako tanuru ziliwaka usiku na mchana na bahari ilikuwa safari ya gari ya saa kadhaa.

Chuo Kikuu cha Lehigh kiko hapo Bethlehem. Mwaka 1930 kilimwajiri mwalimu kijana wa fizikia aitwaye Maurice Ewing, mtoto wa wakulima wa Texas, aliyesoma Rice mjini Houston huku akifanya vibarua vya usiku ili aweze kulipia maisha. Likizo zake za chuo alizitumia kwenye vikundi vya kutafuta mafuta. Huko alijifunza njia ya mitetemo: unalipua baruti ardhini, kisha unasikiliza kwa vinasa mitetemo vilivyopangwa mbali kidogo. Mtetemo hupita polepole kwenye udongo laini na haraka kwenye mwamba mgumu, na kwa kulinganisha nyakati za kufika unajua mwamba uko chini kiasi gani. Huko Lehigh alifundisha vipindi vingi vya fizikia ya msingi, na muda uliobaki alilipua baruti na wanafunzi wake katika mashamba na machimbo ya jirani.

Novemba 1934 alitembelewa na wageni wawili: Richard Field, mwanajiolojia wa Princeton, na William Bowie wa idara ya serikali iliyopima pwani na ardhi ya Marekani. Walitaka kujua kama njia hiyo inaweza kufanya kazi baharini. Jiolojia ya wakati huo ilikuwa sayansi ya nchi kavu. Theluthi mbili na zaidi za uso wa dunia zilikuwa chini ya maji, na kuzihusu kulikuwa na dhana tupu. Ewing, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alisema inawezekana akipewa meli na vifaa. Aliziendea kampuni za mafuta kuomba fedha, lakini hazikuona faida yoyote ya kutafuta kitu chini ya bahari. Chama cha Jiolojia cha Marekani kilitoa ruzuku ndogo, na kazi ikaanza.

Mwaka 1935 Ewing na wanafunzi wake walipeleka vifaa vyao vya mashambani nje ya pwani ya Virginia. Mmoja wao alikuwa Albert Crary, mtoto wa shamba kutoka kaskazini ya jimbo la New York, aliyekuja Lehigh kusomea shahada ya uzamili. Walichokuta kilishangaza: mashapo yaliyokuwa membamba karibu na ufuo yaliongezeka unene kadiri walivyokwenda nje, hadi kufikia zaidi ya kilomita 3 kwenye ukingo wa bara. Miaka mingi baadaye kampuni za mafuta zingechimba katika mashapo ya namna hiyo pande zote za dunia.

Ewing hakuridhika na ukingo. Alitaka kuvuka kwenda kwenye bahari yenyewe, ambako kina ni kilomita nne na tano. Taasisi ya Woods Hole, Massachusetts, ilikuwa na meli ya matanga iitwayo Atlantis, yenye urefu wa mita 43, iliyojengwa Copenhagen. Vijana walikusanya vyuma vyao Bethlehem, wakasafiri hadi Woods Hole, na kupakia. Hapo ndipo kamba ilipowagomea. Vinasa mitetemo vilivyofungwa kwenye kebo ndefu vilitikiswa na kila mwinuko wa meli. Walitaka kusikia mtetemo hafifu wa mwamba, wakawa wanasikia meli yao ikiyumba.

Suluhisho lao linastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu lote lilitengenezwa kwa vitu ambavyo mtu angevipata dukani. Waliamua kuitupa kebo kabisa. Kifaa kingezama chenyewe, kingefanya kazi chenyewe, na kingerudi juu chenyewe. Ili kirudi kilihitaji boya, na boya la hewa halifai vilindini: kwa kila mita 10 za kushuka shinikizo huongezeka kwa kiwango cha hewa yote iliyo juu yetu, na kwenye mita 4,000 chombo cha hewa hubonyea kama hakina kuta nene za chuma, ambazo nazo ni nzito kiasi kwamba boya linakuwa si boya tena. Wakachagua petroli. Uzito wake ni takriban robo tatu ya uzito wa maji, nayo ikibanwa haipungui sana. Boya lililojaa petroli halihitaji kuta nene, kwa sababu kilicho ndani kinasukuma sawa na kilicho nje.

Ikabaki namna ya kuiacha farumi. Mota na umeme vilindini vilikuwa balaa. Vijana walitumia bonge la chumvi. Uzito ulifungwa kwa namna ambayo chumvi ndiyo iliyoushikilia, na maji ya bahari yakaila chumvi polepole wakati kifaa kikishuka na kukaa sakafuni. Ilipokwisha, farumi ikabaki chini na boya likaanza kupanda. Mafundi wa saa, kwa upande wao, walikuwa wametatua zamani tatizo la kupanga wakati: mashine za saa za kawaida zilipewa kazi ya kuwasha vifaa na kulipua baruti kwa zamu yake, na filamu ikachora kila mtetemo uliofika.

Aliyesimama karibu zaidi na Ewing katika ubunifu huo ni Allyn Vine, kijana wa Ohio aliyezaliwa mwaka 1914, aliyeingia Lehigh kwa shahada ya uzamili. Mwaka 1938 wawili hao walichapisha taarifa ya vipimo vya kilindini bila waya wala kebo. Kwa fani iliyoishi kwa kamba tangu enzi za bildi, tangazo hilo lilipaswa kutikisa bandari zote. Halikutikisa. Vifaa vingine vilizama na kutorudi, na mtu aliyekuwa akingojea sitahani, akitazama mawimbi kutafuta boya dogo, hakuwa na la kufanya. Kebo angalau ingeweza kuvutwa.

Kisha likaja wazo la kamera. Lamar Worzel, aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa bado anasomea shahada ya kwanza ya fizikia ya kihandisi alipojiunga na kundi. Yeye, Vine na Ewing waliunda kamera ya kujitegemea iliyozama wima ikiwa na mti mrefu umetangulia chini. Mti ukigusa sakafu, taa inawaka na picha inapigwa, kisha farumi inaachwa na kamera inapanda. Mpaka mwaka 1940 walikuwa wamekwisha kuleta juu picha za sakafu ya bahari.

Ni vigumu leo kupima ukubwa wa hatua hiyo. Wakati huo mtu aliyesomea bahari maisha yake yote aliijua sakafu yake kwa kilo chache za tope zilizoletwa na waya, au kwa viumbe waliovurugwa ndani ya wavu. Louis Boutan, Mfaransa, alikuwa amepiga picha chini ya maji tangu mwaka 1893 huko Banyuls, lakini kwenye maji ambayo mpiga mbizi aliyafikia. Kamera ya Lehigh ilionyesha mahali ambapo hapana mguu wa mtu, kila kitu kikiwa mahali pake. Na ilitengenezwa na kijana ambaye bado alikuwa anafanya mitihani.

Vita vikaja. Mwaka 1940 Ewing alichukua likizo Lehigh akahamia Woods Hole, na Vine na Worzel wakaenda naye. Kazi ya kwanza ilikuwa kifaa ambacho nacho kilikuwa zao la kijana: kipima joto cha bahari kilichobuniwa na Athelstan Spilhaus, mzaliwa wa Cape Town aliyekuja Marekani kusoma katika chuo cha MIT, akakiendeleza kutokana na jaribio la mwalimu wake Carl-Gustaf Rossby. Kilichora mstari wa joto dhidi ya kina kwenye kipande cha kioo kilichopakwa masizi ya moshi. Joto la maji hupinda njia ya sauti, na nyambizi inayojua mahali joto linapobadilika inaweza kujificha chini ya tabaka hilo isisikike. Vine alikirekebisha kifaa hicho ili kitumike ndani ya nyambizi zenyewe, na akatumia miaka ya vita kuwafundisha mabaharia kukisoma. Kamera za Lehigh nazo zilipata kazi: kupiga picha za mabaki ya meli zilizozamishwa nje ya pwani ya mashariki, ili wanamaji wasipoteze mabomu yao kwa kudhani kila chuma kilicho chini ni nyambizi ya adui.

Mwaka 1944 Ewing na Worzel walithibitisha jambo jingine kubwa. Waliteremsha chombo cha kusikilizia kutoka kwenye meli Saluda hadi kina ambapo sauti hunaswa kati ya maji ya joto juu na shinikizo kubwa chini, nayo meli nyingine ikadondosha mabomu madogo huku ikizidi kwenda mbali. Mlio wa kilo mbili hivi za baruti ulisikika umbali wa maili 900.

Baada ya vita kundi lilitawanyika kwa namna iliyobadilisha sayansi nzima. Ewing alianzisha kituo cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1949, na Worzel akawa mmoja wa nguzo zake. Crary alikwenda kwenye barafu. Mwaka 1952 alitua Ncha ya Kaskazini na mwaka 1961 akafika Ncha ya Kusini kwa msafara wa nchi kavu, mtu wa kwanza kukanyaga zote mbili.

Piccard naye alikuwa amerudi kwenye wazo lake la ujana. Alipanda kwanza angani: Mei 1931 aliruka kutoka Augsburg kwa puto na chumba cha chuma kisichopitisha hewa, akafika karibu mita 15,800. Puto hilo lilimpa majaribio ya chumba alichokiwaza akiwa mwanafunzi. Kisha akajenga chombo cha baharini, na alipolazimika kuchagua cha kujaza boya lake, alichagua petroli. Yeye na vijana wa Bethlehem walifika jibu moja kwa njia mbili tofauti, kwa kuwa wote walilazimishwa na hesabu ileile. Chombo chake cha kwanza kilijaribiwa mwaka 1948. Cha pili, Trieste, kilibeba boya la lita 85,000 za petroli na farumi ya chembe za chuma. Tarehe 23 Januari 1960 mwanawe Jacques na Luteni Don Walsh wa jeshi la wanamaji la Marekani walishuka ndani yake hadi sakafu ya mfereji wa Mariana, karibu kilomita 11 chini, bila kamba yoyote kuwaunganisha na juu.

Trieste ilikuwa kubwa, nzito na ngumu kugeuza. Vine, ambaye sasa alikuwa mtafiti wa Woods Hole, alikuwa ameanza kusema tangu katikati ya miaka ya 1950 kwamba wanasayansi wanahitaji chombo kidogo chenye madirisha na mkono, kinachoweza kuzungukazunguka. Wengi walimwona mwotaji. Kampuni iliyopata kazi ya kukijenga ilikuwa General Mills, ambayo Wamarekani waliijua kwa unga na vyakula vya asubuhi, lakini iliyokuwa na karakana ya mitambo mjini Minneapolis. Badala ya petroli, boya lake lilikuwa la gundi ngumu iliyochanganywa na vitufe vidogo sana vya kioo vyenye uwazi ndani. Kilizinduliwa Juni 1964 na kupewa jina la Alvin, lililounganishwa kutokana na jina lake Allyn Vine. Mwaka 1966 kilisaidia kupata bomu la nyuklia lililopotea baharini karibu na Palomares, Hispania. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kiliwaonyesha wanajiolojia chemchemi za maji ya moto zilizozungukwa na viumbe wasiohitaji jua.

Katika miongo iliyofuata kamba ilirudi, ikiwa na umbo jipya. Mawimbi ya redio hayasafiri majini ila kwa umbali mdogo, kwa hiyo roboti ya majini inayotakiwa kuonyesha picha papo hapo na kupokea amri huhitaji waya. Safari hii waya haukubeba uzito. Ulibeba umeme, picha na amri tu. Na roboti za namna hiyo ziliwafungulia mlango wanafunzi wengi ambao wasingeota kupanda Alvin. Mwaka 1997 Harry Bohm na Vickie Jensen walitoa kitabu cha kuwafundisha vijana kuunda roboti za majini kwa mabomba ya plastiki ya fundi bomba. Miaka michache baadaye kituo cha MATE huko Monterey, California, kilianzisha mashindano ambayo shule na vyuo viliunda roboti za kufanya kazi zinazofanana na zile za watafiti wa kweli.

Juni 2004 mashindano hayo yalifanyika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kazi ilikuwa kuchunguza mfano wa nyambizi iliyozama: kupima urefu wake, kuokota vitu, kunyonya kimiminika kutoka kwenye pipa. Kutoka Phoenix, mji wa jangwa katika Arizona, lilikuja kundi la vijana wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, watoto wa familia zilizohamia kutoka Mexico, pamoja na walimu wao Fredi Lajvardi na Allan Cameron. Kulikuwa na daraja la shule na daraja la juu la vyuo vikuu. Walimu waliwaingiza kwenye la juu, kwa hoja kwamba kushindwa na vyuo vikuu si aibu. Roboti yao ya mabomba ya plastiki iligharimu takriban dola 800 na ilinuka gundi kiasi kwamba waliiita Stinky. Timu ya MIT ilikuwa na bajeti ya zaidi ya dola 10,000.

Walipofika Santa Barbara, sanduku la vifaa vya umeme lilianza kuvuja. Kulijenga upya hakukuwezekana, na tone moja mahali pabaya lingeunguza kila kitu. Walihitaji kitu kidogo kinachonyonya maji mengi bila kuyaachia. Lorenzo Santillan akapata jibu: tamponi, zile pamba za hedhi. Alikwenda dukani, akamuuliza mwanamke mmoja ni zipi zinazonyonya vizuri zaidi, akarudi nazo. Wenzake walitumia usiku huo kulehemu upya nyaya zilizoharibika. Siku ya mashindano sanduku lilibaki kavu, na kimiminika cha pipa walikivuta hadi ndani ya puto la mpira walilolifunga kwenye roboti.

Majaji wa uhandisi waliwahoji kila timu kwa undani, na vijana wa Carl Hayden walieleza mfumo wao waya kwa waya. Walitangazwa washindi wa daraja la vyuo vikuu, na MIT ikashika nafasi ya pili. Mwandishi Joshua Davis alisimulia habari yao katika jarida la Wired mwaka 2005, kisha katika kitabu, na mwaka 2015 ikawa filamu.

Filamu huishia kwenye ushindi, na hilo ni kosa, kwa sababu mbele yake ndipo habari inapotakiwa kusomwa. Mwaka 1940 serikali ya Marekani ilipohitaji watu wanaoielewa bahari, ilimchukua Vine moja kwa moja kutoka karakana ya Lehigh, na Worzel akiwa ndiyo kwanza amepata shahada.  Lakini mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria iliyowanyima wanafunzi wasio na hati za ukaazi ada nafuu ya wakazi wa jimbo. Mmoja wa wanafunzi hao, Cristian Arcega, aliyekuwa miongoni mwa wabunifu wakuu wa Stinky, alikuwa ameanza masomo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Ada mpya ilimshinda, akaacha. Oscar Vazquez, kiongozi wa kundi, alijikaza hadi akahitimu uhandisi wa mitambo hapohapo mwaka 2009. Aliporudi Mexico kuomba viza kwa njia halali, alikataliwa kwanza, na ilibidi seneta aingilie kati ndipo aliporuhusiwa kurejea kwa mke na mtoto wake mwaka 2010. Akajiunga na jeshi la Marekani, akapelekwa Afghanistan.